Mto Umehama au Ramani Imesogea? Kuzisoma Ramani za Zamani za Bonde la Lukuledi

Siku hizi ugomvi wa kiwanja kilicho karibu na mto haufiki mbali kabla mtu hajatoa simu mfukoni na kusema, "Mimi ninayo ramani ya mwaka sitini na kitu, mto ulikuwa kule." Mji wa Lindi unashuka kwenye bonde la mto Lukuledi. Watu wananunua Ng'apa, Mnazi Mmoja, Mingoyo, na ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari ulioingia bondeni, upande wa Kitunda, wachache kwa hati, wengi kwa karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Bondeni bei ni nafuu na udongo unakubali. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Basi muuzaji anasema ukingo uko kule, afisa anasema uko hapa, jirani anaapa kwamba mto wenyewe umehama tangu enzi za babu yake. Ramani ya zamani inaitwa iamue.

Mara nyingi inaitwa bure. Ramani hizo si mbovu. Nyingine ni kazi ya uangalifu mkubwa kuliko mengi tunayoyachora leo kwa haraka. Shida ni kwamba zinaulizwa swali ambalo hazikuchorwa kulijibu, na yale zinayoyajua vizuri hakuna anayeziuliza.

Kwanza tuzitenganishe, maana zinazozunguka kwenye simu za watu si za aina moja. Kongwe ni ile ya Wajerumani ya skeli 1:300,000, iliyoanzishwa na Richard Kiepert miaka ya 1890, ikaendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel, na kuchapishwa Berlin na nyumba ya Dietrich Reimer. Ni ramani ya kupendeza, yenye vilima vilivyotiwa kivuli na maandishi mengi madogo, na maktaba kadhaa za Ujerumani zimezipiga skani karatasi zake. Jambo lenyewe liko kwenye jinsi ilivyotengenezwa. Afisa, mmisionari au mtafiti alitembea na msafara, na kila njia ilipopinda alisoma dira na kutazama saa. Dira ilimpa mwelekeo. Saa, pamoja na makisio ya mwendo wa wapagazi, ilimpa umbali. Mahali pachache palipimwa kwa nyota ili kushikiza mchoro wote. Madaftari yakapelekwa Berlin, yakaunganishwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga kusini.

Kwa hiyo ramani ya Wajerumani ni ramani ya njia. Mahali msafara ulipopita kuna vijito, majina ya majumbe, mabwawa, hata alama ya pori. Ukitoka kilomita chache nje ya njia, mto unakuwa mstari wa kukisia, wakati mwingine wa nukta, na kwingine pameachwa peupe. Asije mtu akakuambia kwamba penye weupe hapakuwa na watu. Wilhelm Bornhardt, mjiolojia aliyezunguka kusini miaka hiyo ya 1890, aliandika habari nyingi za ardhi yetu, na ndiye aliyewapa wanajiografia wa dunia nzima neno "inselberg" kwa vilima vya mwamba vinavyosimama peke yake kama vile vya Masasi. Hata yeye, msomaji mzuri wa ardhi, aliona kile tu alichopitia.

Kwenye skeli hiyo milimita moja ya karatasi ni mita 300 za ardhini. Mita 60 za sheria ni milimita 0.2, na wino wa mto peke yake unaweza kuwa mnene kuliko hapo. Tusipoteze muda nayo kwenye habari za mipaka.

Ramani ambayo wengi wanaimaanisha wanaposema "ramani ya zamani" ni ile ya 1:50,000, na hiyo imezaliwa kwingine kabisa. Mwaka 1946 Uingereza iliunda ofisi ya upimaji wa makoloni chini ya Martin Hotine. Mwaka 1957 ikaitwa Directorate of Overseas Surveys, na ndizo herufi DOS utakazoziona pembeni mwa karatasi nyingi. Kazi ilianzia hewani. Kikosi cha 82 cha jeshi la anga la Uingereza kilipita juu ya Afrika Mashariki kwa ndege za Lancaster mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kikipiga picha za mfululizo, kila picha ikirudia sehemu kubwa ya eneo la picha iliyotangulia, kwa kawaida asilimia 60 hivi. Kurudia huko ndiko kulikotoa vimo: picha mbili za eneo moja zilizopigwa kutoka sehemu mbili, zikitazamwa pamoja kwenye mashine, jicho la kulia picha hii na la kushoto ile, ardhi inanyanyuka. Mchoraji anaona mlima ukisimama na bonde likizama, naye anafuata kimo kimoja kwa kalamu ya mashine mpaka mstari wa kontua utimie. Mashine zilikuwa Uingereza. Wapima ardhi waliokuwa huku walikazania vituo vya juu ya vilima, ambavyo picha zilifungwa navyo, na baadaye majina na uhakiki wa miguu. Baada ya uhuru karatasi ziliendelea kutoka kwa ushirikiano na Idara ya Upimaji na Ramani yetu wenyewe.

Kila karatasi ya 1:50,000 inachukua dakika 15 za latitudo kwa dakika 15 za longitudo. Kwa latitudo yetu hiyo ni kama kilomita 27.5 kila upande, yaani sentimita 55 za karatasi. Na hapa Lindi ina mkosi wake mdogo: mstari wa digrii 10 kusini unapita mjini au jirani sana na mji, na huo ni mstari wa kukatia karatasi. Anayetaka mji na bonde lake kwa pamoja hulazimika kuunga karatasi zaidi ya moja, na karatasi mbili jirani si lazima ziwe na picha za mwaka mmoja. Ukiona mkondo haukutani vizuri kwenye kiungo, au kijiji kimoja kikubwa upande huu na kimefifia upande wa pili, soma maandishi ya pembeni kabla hujaanza kujenga nadharia.

Maandishi hayo ya pembeni ndiyo sehemu ambayo watu huikata wanapopiga picha kwa simu, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Tuseme karatasi imeandikwa chapisho la 1967. Ukisoma kwa makini utakuta picha za anga ni za miaka kumi na zaidi kabla yake, uhakiki wa ardhini ni wa mwaka mwingine, na barabara zimesahihishwa kwa taarifa za baadaye. Karatasi moja, tarehe tatu. Anayesimama kwenye baraza la ardhi na kusema "mwaka 1967 mto ulikuwa hapa" amesoma tarehe ya kiwanda cha uchapaji.

Kusini tuna kipimo kizuri cha kulinganisha tarehe hizo, nacho ni reli. Mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza ulipoletwa Nachingwea, njia ya reli ilijengwa kutoka Mkwaya, kwenye hori la Lindi, na treni zikaanza kufika Nachingwea mwaka 1949. Mradi wenyewe uliachwa mwaka 1951. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954 na mzigo ukahamia huko. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yote ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Sasa chukua karatasi yoyote ya bonde: je, reli ipo na inafanya kazi, imeandikwa kuwa ya zamani, au limebaki tuta tu? Jibu linakupa umri wa taarifa za ardhini vizuri kuliko mwaka uliopigwa chapa chini.

Turudi kwenye mto. Mstari wa buluu ndio unaoaminiwa kuliko vyote, na kwa maoni yangu ndio unaostahili kuaminiwa kidogo kuliko vyote. Sababu ya kwanza ni msimu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Rubani wa picha anahitaji anga lisilo na mawingu, kwa hiyo huja kiangazi, wakati Lukuledi imejikunja katikati ya mchanga wake. Mchoraji wa Uingereza anachora anachokiona: uzi wa maji. Mkondo mpana ambao masika huujaza, anaweza kuupa alama ya mchanga au asiupe kitu. Vijito vinavyoshuka kutoka upande wa uwanda wa Makonde na ule wa Mwera vinachorwa kwa mistari iliyokatikakatika, alama ya mto wa msimu, na mnunuzi wa kiwanja akiona vistari hivyo anadhani ni njia ya miguu. Ni korongo linalokuja na magogo mwezi wa Machi.

Sababu ya pili ni bahari. Sehemu ya chini ya bonde si mto mtupu; ni hori, na maji yake yanapanda na kushuka. Kwenye pwani yetu, wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Picha ikipigwa maji yamepwa, utaona matope, vijito vyembamba na mikoko iliyosimama wazi. Ikipigwa maji yamejaa, utaona ziwa. Wachoraji walijitahidi kuchora mstari wa maji makuu, lakini ndani ya mikoko mstari huo hauonekani kutoka juu, unaonekana ukingo wa majani tu. Ndiyo maana karatasi mbili za miaka tofauti zinaweza kuonyesha hori lenye maumbo mawili bila hori lenyewe kufanya lolote.

Sababu ya tatu ni kwamba mto kweli huhama. Mto wa mchanga kwenye bonde pana hula ukingo mmoja na kujaza mwingine, na mafuriko makubwa hukata kona kwa usiku mmoja. Jirani yule aliyeapa huenda anasema kweli. Ila ramani mbili zisizofanana hazitoshi kumthibitisha, mpaka sababu mbili za kwanza ziondolewe, pamoja na ya nne ambayo ndiyo inayonifanya niandike makala haya.

Chukua kiwanja cha kufikirika, ukingo wa kaskazini wa Lukuledi, mahali ambapo mto unaelekea mashariki, mita 150 kutoka majini. Unasimama kwenye bikoni, lile jiwe la mpaka, unawasha GPS ya simu, inakupa namba za UTM kanda ya 37 kusini, yaani mahali ulipo kwa hesabu ya mita za mashariki na za kaskazini. Unafungua karatasi ya 1:50,000, nayo ina gridi, mistari ya miraba, ya UTM kanda ya 37 kusini. Namba zinafanana sura, unapima kwa rula, unatia nukta. Nukta inaangukia kusini mwa mto. Hapo ndipo maneno yanapoanza: mto umehama, kiwanja zamani kilikuwa ng'ambo, muuzaji ni mwizi.

Hakuna kilichohama. Simu inahesabu kwa mfumo wa WGS84, uliowekwa kwa ajili ya satelaiti. Karatasi imehesabiwa kwa mfumo wa Arc 1960, unaotumia umbo la dunia lililokokotolewa na Clarke mwaka 1880 na kufungwa kwenye vituo vilivyopimwa kufuata meridiani ya 30, yaani mstari wa longitudo wa digrii 30 mashariki. Mifumo hiyo miwili haikubaliani kuhusu kitovu cha dunia wala ukubwa wake. Kwa eneo la Lindi tofauti ya namba za gridi ni takriban mita 300 kwa kaskazini na kusini, na takriban mita 100 kwa mashariki na magharibi. Ukitia namba za WGS84 kwenye gridi ya Arc 1960 bila kuzibadilisha, nukta yako inasogea kusini kama mita 300 na mashariki kama mita 100. Kwenye karatasi hiyo ni milimita 6 na milimita 2, pungufu ya upana wa kidole kidogo. Kwenye ardhi ni ng'ambo ya mto.

Dawa yake ni rahisi kwa mwenye kompyuta. Kwenye programu huria ya ramani ya QGIS, skani ya karatasi inasajiliwa kwa mfumo wenye namba 21037, ambao ni Arc 1960 UTM 37 kusini, na data za GPS zinawekwa kwenye 32737, ambao ni WGS84 UTM 37 kusini. Programu inafanya hesabu ya katikati. Asiye na kompyuta atumie vitu visivyotembea. Tafuta kwenye ramani kanisa la misheni, njia panda ya zamani, kilele cha kilima, kisha ulinganishe na picha ya satelaiti ya leo. Kama vyote vimesogea mita zilezile upande uleule, umepata kosa la mfumo. Mto ukihama, kanisa halihami nao. Na uwe mwangalifu zaidi na zile skani ambazo tayari zimelazwa juu ya picha za satelaiti mitandaoni: aliyezilaza huenda alijua mambo haya, huenda hakujua.

Hata baada ya kusahihisha, hesabu ya mita 60 haibadiliki. Kwenye 1:50,000 hiyo ni milimita 1.2. Mstari wa mto wenye unene wa nusu milimita unafunika mita 25. Karatasi ikivuta unyevu wa pwani kidogo, skani ikipinda kidogo, mchoraji akirahisisha kona mbili kuwa moja, zile mita 60 zimekwisha. Huwezi kumhukumu mtu kwa kitu kama hicho, wala kumwokoa.

Kontua nazo zina ukimya wao. Karatasi za zamani zilihesabu vimo kwa futi, za baadaye kwa mita, na nafasi kati ya mstari na mstari ni kama futi 50 au mita 20. Pande zote mbili za bonde, kontua zimebanana vizuri na ni za kuaminika: miteremko haijabadilika sana tangu picha zipigwe. Chini bondeni, kati ya mstari wa kwanza upande huu na wa kwanza upande ule, hakuna kitu. Huenda ni kilomita nzima au zaidi ya karatasi tupu. Mafuriko yanayoingia majumbani ni ya mita moja, mbili, tatu. Ramani haioni kitu chembamba hivyo. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Lindi na Dar es Salaam, watu wengi walianza kutafuta ramani za "maeneo ya mafuriko". Karatasi ya 1:50,000 iko kimya hasa mahali wanapoihitaji.

Ila inasema kwa njia nyingine, na hapa ndipo ninapoipenda. Tazama vile vidoto vyeusi vya nyumba. Kwenye karatasi zilizotokana na picha za miaka ya 1950 na 1960, nyumba zimetawanyika: mbili hapa, tano pale, zikifuata miguu ya vilima, zikiacha ukanda mpana katikati ya bonde bila hata kidoto kimoja. Katikati kuna alama za kinamasi, za mpunga, na njia za miguu zinazokwenda kukatiza mahali pamojapamoja. Kabla hujauliza maji yalifika wapi, angalia wazee walikoma kujenga wapi. Huo ni mpaka uliopimwa kwa vizazi vya masika, na milimita moja au mbili za kosa haziuharibu, maana ukanda wenyewe ni mpana.

Kisha karatasi za baadaye zinaonyesha kitu kingine kabisa: vidoto vimejipanga kando ya barabara. Hiyo ni Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Na mkoani Mtwara kuwakusanya watu kulianza mapema kuliko sehemu nyingi, kwa sababu ya vita ya ukombozi ya Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Nyumba ziliondoka, miti ikabaki. Mikorosho na minazi ya kwenye mahame iliachwa mbali na wenyewe, na wachambuzi wengi wanahesabu jambo hilo kuwa moja ya sababu za korosho kuporomoka, kutoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Kwa migogoro ya leo bondeni, karatasi hizo mbili zikiwekwa pamoja zinasaidia kuliko mstari wowote wa mto: zinaonyesha kwamba mahali fulani panapoitwa pori palikuwa na kaya, na kwamba mikorosho mikuukuu iliyopo haikujipanda. Baraza la ardhi linaweza kulifanyia kazi hilo.

Majina yanahitaji subira tu. Mjerumani aliandika Muera kwa Mwera na Rovuma kwa Ruvuma, kwa hiyo ukitafuta kwenye orodha za maktaba jaribu tahajia zaidi ya moja. Kitongoji kidogo kinaweza kubeba jina la mtu aliyekuwa jumbe mwaka ule, nalo likazikwa naye.

Kwa anayetaka kweli kujua kama Lukuledi imehama mbele ya kiwanja chake, aache ramani arudi kwenye picha zilizozaa ramani. Picha za anga za DOS zimehifadhiwa Edinburgh, kwenye hifadhi ya taifa ya picha za anga ya Scotland, na zinaweza kuagizwa kwa kutaja eneo kwa latitudo na longitudo. Kwenye picha huonekana fungu la mchanga, mkondo uliokufa wenye majani mabichi kuliko ya jirani, hata mwembe mmoja mmoja. Baada yake kuna picha za satelaiti za kijasusi za Marekani, Corona, za miaka ya 1960 hadi 1972, zilizofunguliwa kwa umma mwaka 1995, kisha picha za satelaiti za Landsat kuanzia mwaka 1972, ingawa Landsat za mwanzo zinaona mita 80 kwa nukta moja na hazifai kwa mita 60. Zikipangwa kwa tarehe na kufungwa kwenye njia panda na makanisa yaleyale, mwendo wa ukingo unaonekana, kama upo.

Zile mita 60 zenyewe zinapimwa leo, na mpima aliyesimama pale ukingo ulipo leo, kwa vifaa vya sentimita. Ukingo ukibishaniwa, waombe Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye ofisi Mtwara, waje wauone, na ikiwezekana waje Machi badala ya Septemba.